Maswali ya wasomaji: Kimeng'enya cha kloroplasti, kutoka kichupani hadi kwenye kuveti

Safari hii tumekusanya maswali yanayohusu protini za kloroplasti zinazozalishwa ndani ya bakteria kwa ajili ya utafiti wa maabara. Wengi walioandika wanatumia bifosfatasi ya fruktosi-1,6, kimeng'enya kinachoondoa fosfeti moja kwenye fruktosi-1,6-bifosfeti, kwa hiyo ndiyo tutakayoishikilia zaidi. Si vibaya kuanzia hapo: kimeng'enya hiki kina karibu kila tabia inayomtoa jasho anayekitumia mara ya kwanza.

Swali: Nimepokea bifosfatasi ya kloroplasti ya mmea wa Arabidopsis. Karatasi ya maelezo inasema protini inaanzia asidi amino ya 60 na kuishia ya 417. Zile 59 za mwanzo ziko wapi? Nimeuziwa protini pungufu?

Jibu: Hujapunjwa. Jeni za protini nyingi za kloroplasti hazimo ndani ya kloroplasti yenyewe bali kwenye kiini cha seli. Protini hutengenezwa nje, kwenye saitoplazimu, ikiwa na kipande cha mwanzo kinachoielekeza mahali pa kwenda. Kipande hicho elekezi kwa kawaida huwa na asidi amino 30 hadi 100 hivi. Ikishaingia, proteasi (kimeng'enya kinachokata protini) maalumu ya stroma, yaani kimiminika cha ndani ya kloroplasti, hukikata, na kinachobaki ndicho kinachofanya kazi kwenye jani.

E. coli, bakteria anayetumika kuzalishia protini hizi, haina proteasi hiyo. Ukiipa jeni nzima itakuzalishia protini yenye kipande cha mbele kisicho na umbo wala kazi, kinachonata ovyo. Mara nyingi protini ya namna hiyo huishia kuwa madonge yasiyoyeyuka, au hutafunwa na proteasi za bakteria. Ndiyo maana mzalishaji makini huanzia pale mkato wa asili unapotokea. Cha kutilia shaka ni kinyume chake, yaani karatasi inayosema "1–417" kwa protini ya aina hii halafu ikaahidi utendaji mzuri.

Hesabu ya uzito itakusaidia kuisoma jeli, ambayo hutenganisha protini kwa uzito. Asidi amino 358, kila moja ikikadiriwa kuwa na daltoni 110, ni kilodaltoni 39 na ushee. Mkia wa histidini, unaowekwa ili protini ishikwe na kolamu ya nikeli, na kiungo chake huongeza kilodaltoni 1 hadi 3. Ukiona mstari karibu na 40 uko sawa. Ukiuona karibu na 66, pengine imeunganishwa na GST, protini ya kusaidia usafishaji ambayo peke yake ni 26; karibu na 82, ni MBP, protini nyingine ya namna hiyo, yenye takribani 42. Kumbuka pia kwamba kimeng'enya kizima ni muungano wa vipande vinne, karibu kilodaltoni 160, lakini jeli yenye SDS (sabuni inayokunjua protini) huvitenganisha.

Protini zinazosimbwa na DNA ya kloroplasti yenyewe, kama kipande kikubwa cha Rubisco (kimeng'enya kinachofunga kaboni), hazina kipande elekezi cha namna hii. Hizo kuanzia namba 1 au 2 si kasoro.

Swali: Unga ulio ndani ya kichupa unaonekana mwingi kuliko mikrogramu 50 zilizoandikwa. Je, nipime kwa mizani kiasi ninachotaka na kuhifadhi uliobaki?

Jibu: Usiupime hata kidogo. Unaouona si protini. Bafa nyingi za kukaushia huwa na trehalosi ya asilimia 6, yaani gramu 6 kwa kila mililita 100. Kama mikrogramu 50 za protini zilikaushwa zikiwa ndani ya mikrolita 100 za bafa hiyo, basi kichupani mna miligramu 6 za sukari: mara 120 ya protini. Ukichota nusu ya unga huna hakika umechota nusu ya protini, na unga wenyewe hunyonya unyevu wa hewani mara tu unapofunguliwa.

Kiyeyushe kichupa chote kwa mkupuo mmoja. Kiache kwanza kifikie joto la chumba kikiwa kimefungwa, kisha kizungushe kwenye sentrifuji ndogo kwa dakika moja, kwa sababu unga hupenda kujificha kwenye kifuniko. Weka maji safi yaliyoondolewa ioni, ujazo uleule wa kabla ya kukaushwa kama umeandikwa. Bafa itarudi katika nguvu yake ya awali. Kama haujaandikwa, lenga miligramu 0.5 kwa mililita, yaani mikrolita 100 kwa mikrogramu 50. Pindua kichupa taratibu mara kadhaa na kiache kwenye barafu dakika 10 hadi 15. Usikitikise kwa mashine wala usikifanyie povu: kwenye uso wa kila kiputo protini hukunjuka na haikunjiki tena.

Kwa matumizi ya wiki moja, nyuzi 4 zinatosha. Zaidi ya hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza gliseroli safi ujazo sawa na ulionao, ukapata asilimia 50, ukahifadhi nyuzi −20. Kwa kiwango hicho mchanganyiko haugandi, kwa hiyo unaweza kuchota mara nyingi bila kuuyeyusha. Usisahau kwamba sasa una miligramu 0.25 kwa mililita, si 0.5, nambari hii hupotea kwenye madaftari mengi. Ya pili ni kugawa mafungu ya mikrolita 10 au 20 na kuyaweka nyuzi −80, kila fungu litumike mara moja tu. Friza inayojiyeyushia barafu yenyewe si mahali pa kimeng'enya, maana hupasha joto kila mara bila wewe kujua.

Jambo jingine dogo lenye hasara kubwa: protini iliyozimuliwa chini ya miligramu 0.1 kwa mililita hung'ang'ania plastiki. Zimua pale unapotaka kutumia, si jana yake.

Swali: Usafi ni zaidi ya asilimia 90 kwenye jeli, nimeweka malighafi (fruktosi-1,6-bifosfeti) na bafa ya fosfeti ya pH 7.4 tunayotumia kwa kila kitu, lakini hakuna utendaji wowote. Kimeng'enya kimekufa?

Jibu: Huenda kiko hai kabisa, ila umekiweka gizani. Tunasema hivyo kwa maana halisi.

Ndani ya jani, bifosfatasi hii huzimwa usiku na kuwashwa mchana. Mwanga unapoingia, pH ya stroma hupanda kutoka karibu 7 hadi karibu 8, magnesiamu huongezeka, na elektroni kutoka kwenye usanisinuru hupitia feredoksini na kufika kwenye protini ndogo iitwayo thioredoksini f. Hiyo ndiyo inayofungua daraja la sulfuri lililo juu ya bifosfatasi. Kwenye kimeng'enya cha njegere daraja kuu liko kati ya sisteini ya 153 na ya 173. Likiwa limefungwa, magnesiamu haikai sawasawa mahali pa kazi. Protini iliyosafishwa hewani, ikasafirishwa na kukaushwa, hufika kwako daraja likiwa limefungwa. Nawe umeipa pH ya usiku, bila magnesiamu, ndani ya fosfeti, ambayo ni zao la mmenyuko wenyewe, hukizuia kimeng'enya, na hushikana na magnesiamu yoyote utakayoongeza.

Anza upya hivi. Tengeneza mikrolita 50 za mchanganyiko wa kuwashia: kimeng'enya miligramu 0.2 kwa mililita, Tris-HCl milimola 100 (yaani milimoli 100 kwa lita) ya pH 8.0, DTT (kemikali ya kufungulia daraja la sulfuri) milimola 10, na thioredoksini f mikromola 2. Acha nyuzi 25 kwa dakika 20 hadi 30. DTT peke yake pia hufungua daraja, lakini polepole na si kwa ukamilifu. Kama huna thioredoksini f, acha saa moja au zaidi na utarajie utendaji mdogo. Thioredoksini ya E. coli, inayopatikana kirahisi, si mbadala mzuri hapa, kwa kuwa bifosfatasi hii huchagua aina ya f.

Wakati huo andaa kuveti (kikombe kidogo angavu cha kupimia unyonyaji wa mwanga) ya mililita 1: Tris-HCl milimola 100 ya pH 8.0, kloridi ya magnesiamu milimola 10, NADP milimola 0.4, isomerasi ya fosfoglukosi yuniti 2 (yuniti moja ni mikromoli moja kwa dakika), dehidrojenasi ya glukosi-6-fosfeti (G6PDH) yuniti 1, na fruktosi-1,6-bifosfeti milimola 0.6. Weka kuveti kwenye spektrofotomita kwa nanomita 340, subiri mstari utulie, kisha ongeza mikrolita 10 za mchanganyiko wa kuwashia. Hizo ni mikrogramu 2 za kimeng'enya, na DTT inazimuliwa hadi milimola 0.1, kiasi kisicho na madhara kwa kipimo. Mnyororo ni huu: bifosfatasi huondoa fosfeti moja na kutoa fruktosi-6-fosfeti, isomerasi huigeuza glukosi-6-fosfeti, na G6PDH huioksidisha huku ikitengeneza NADPH, ambayo ndiyo inayonyonya mwanga wa 340. Dakika moja au mbili za mwanzo mstari hupanda polepole mpaka mnyororo ujae. Usipime mteremko hapo.

G6PDH iwe ya hamira au ya bakteria Leuconostoc. Usijaribu kutumia ile ya kloroplasti kwa kudhani mambo yatafanana na asili: thioredoksini huizima hiyo, kinyume cha bifosfatasi, na utakuwa unawasha huku na kuzima kule ndani ya kuveti moja.

DTT nayo ina uhai wake. Kwa nyuzi 20, kwenye pH 8.5, nusu yake huisha ndani ya saa moja na nusu hivi; kwenye pH 6.5 huchukua takribani saa 40. Ile iliyoyeyushwa kwenye Tris wiki iliyopita na kuachwa mezani ni maji tu. Yeyusha kwenye maji, gandisha mafungu madogo, tumia na utupe.

Ikiwa bado mstari haupandi, kuna jaribio moja la kutofautisha kimeng'enya kilichofungwa na kilichoharibika. Pandisha pH hadi 8.8 na magnesiamu hadi milimola 20, bila DTT. Katika hali hiyo hata chenye daraja lililofungwa huonyesha utendaji. Kikionyesha, kasoro iko kwenye hatua ya kuwasha: DTT, thioredoksini au muda. Kisipoonyesha, na mnyororo umethibitika kuwa mzima, ndipo useme kimekufa. Kuthibitisha mnyororo ni kazi ya dakika tatu: weka fruktosi-6-fosfeti badala ya bifosfeti, bila bifosfatasi, na mstari unapaswa kuruka mara moja.

La mwisho kwa swali hili, na tungeliweka la kwanza kama muulizaji angekuwa hajanunua bado. Angalia kama karatasi ya maelezo inataja utendaji kwa yuniti. Protini nyingi kwenye katalogi huzalishwa kwa ajili ya kutengenezea kingamwili au kuwa kipimo cha kulinganishia kwenye jeli. Usafi wa asilimia 85 au 90 ni habari ya mstari mmoja kwenye jeli. Hausemi chochote kuhusu kama protini imekunjwa vizuri. Kama imeandikwa kwamba utendaji haujapimwa, amini hivyo hivyo.

Swali: Naomba msaada wa hesabu. Mteremko wangu ni 0.124 kwa dakika. Vilevile mstari huanza kupanda kabla sijaweka bifosfatasi. Niutoe?

Jibu: NADPH ina mgawo wa unyonyaji wa 6.22 kwa milimola kwa sentimita. Kwa kuveti ya sentimita 1, 0.124 ukigawa kwa 6.22 ni milimola 0.02 kwa dakika. Ndani ya mililita 1 hizo ni mikromoli 0.02 kwa dakika, yaani yuniti 0.02. Kama uliweka mikrogramu 2, gawa kwa miligramu 0.002: yuniti 10 kwa miligramu. Fruktosi-bifosfeti moja hutoa NADPH moja.

Sentensi hiyo ya mwisho ni kweli endapo tu G6PDH yako haina uchafu wa dehidrojenasi ya 6-fosfoglukoneti. Ikiwa nao, zao la G6PDH huoksidishwa tena na unapata NADPH mbili, matokeo yanakuwa maradufu na hakuna kitu kwenye grafu kitakachokushtua. Weka glukosi-6-fosfeti milimola 0.05 peke yake na usubiri. Usomaji unapaswa kupanda 0.31 na kusimama. Ukiendelea kutambaa kuelekea 0.62, badilisha chupa ya G6PDH.

Kuhusu kupanda kabla ya wakati, tofautisha mambo mawili. Mstari ukipanda haraka kisha ukatulia ndani ya dakika chache, ni fruktosi-6-fosfeti au glukosi-6-fosfeti iliyochanganyika kwenye malighafi yako. Subiri iishe, kisha anza. Usiitoe kwa hesabu, maana tayari imekwisha. Ukipanda kwa mteremko usiokoma, kuna fosfatasi mahali fulani kwenye vimeng'enya vya mnyororo. Mteremko huo ndio wa kutoa, na ukizidi sehemu ya kumi ya kipimo chako, tafuta vimeng'enya vingine.

Na kabla hujaandika yuniti 10 popote, ongeza bifosfatasi maradufu. Mteremko usipoongezeka maradufu, unachopima ni upungufu wa isomerasi au G6PDH.

Swali: Tunazalisha wenyewe kwenye BL21(DE3), aina ya E. coli. Nyuzi 37, IPTG (kemikali inayowasha jeni) milimola 1, saa nne. Mstari kwenye jeli ni mnene ajabu lakini wote uko kwenye mashapo. Kidogo tulichopata tulikipitisha kwenye kolamu ya nikeli, na kolamu ikawa ya kahawia. Tufanye nini?

Jibu: Mnaiendesha bakteria kwa kasi ambayo protini haiwezi kukunjika. Kuzeni kwa nyuzi 37 mpaka usomaji wa nanomita 600, unaoonyesha wingi wa bakteria, ufike 0.6 hadi 0.8, kisha pozeni mpaka nyuzi 18 kabla ya kuweka IPTG, si baada. Chupa ya lita moja haipoi kwa kubadilisha namba kwenye mashine; iwekeni kwenye maji ya barafu dakika 15. Wekeni IPTG milimola 0.1 hadi 0.2 na muache saa 16 hadi 18. Jeni ya mmea huwa na kodoni AGA na AGG za arginini ambazo E. coli huzitumia kwa nadra. Kama jeni haikuandikwa upya kwa ajili ya bakteria, tumieni aina ya Rosetta, inayobeba tRNA za ziada. Ikishindikana, unganisheni na protini ya kusaidia uyeyukaji, SUMO au MBP, na kuikata baadaye. Kuyeyusha madonge kwa urea na kukunja upya tunaliacha liwe la mwisho kabisa: protini ya vipande vinne inayotakiwa kujikusanya yenyewe mara nyingi hurudi ikiwa safi kwenye jeli na bubu kwenye kuveti.

Pasueni seli kwenye Tris milimola 50 ya pH 8.0, chumvi ya kawaida milimola 300, imidazoli milimola 20, gliseroli asilimia 10 na PMSF (kizuizi cha proteasi) milimola 1. Mawimbi ya sauti yawe ya sekunde 10, mapumziko 20 hadi 30, chombo kikiwa ndani ya barafu. Mchuzi ukiwa unavutika kama ute, DNA haijakatika. Ongezeni DNase na magnesiamu kidogo, la sivyo utaziba kolamu. Zungusheni kwa g 18,000 nusu saa, nyuzi 4. Osheni kolamu kwa imidazoli milimola 30 hadi 40, ujazo wa kolamu mara 20, kisha toeni kwa milimola 250.

Rangi ya kahawia ni DTT. Huitoa nikeli kwenye hali yake ya kawaida, na protini haina tena cha kushika. Nasi tumeshasema kimeng'enya hiki kinaihitaji DTT, kwa hiyo kishawishi cha kuiweka mapema kinaeleweka. Iwekeni baada ya kolamu. Kama lazima kuwe na kinga dhidi ya oksijeni wakati wa kusafisha, merkaptoethanoli hadi milimola 5 huvumilika na kolamu nyingi, vivyo hivyo TCEP chini ya milimola 1. EDTA, kemikali inayoshika metali, nayo hung'oa nikeli kabisa. Kolamu iliyogeuka nyeupe imekutana na EDTA, mara nyingi iliyojificha kwenye vidonge vya kuzuia proteasi. Nunueni visivyo nayo.

Mkishatoa protini, ondoeni imidazoli kwa kolamu ya kuondolea chumvi kabla ya kupima kiasi. Pia, msipime kwa nanomita 280 kama DTT imo: DTT iliyooksidishwa hunyonya mwanga huohuo, na milimola 5 zake zinaweza kuwapa usomaji unaozidi 1 bila protini yoyote. Kipimo cha BCA nacho huvurugwa na DTT. Bradford huvumilia.

Kwenye jeli, mstari wa karibu 60 ni GroEL, protini ya E. coli inayosaidia nyingine kukunjika, iliyokumbatia protini yenu ambayo haijamaliza kukunjika. Osheni kolamu kwa ATP milimola 5 na magnesiamu milimola 10 itaachia. Ule wa karibu 25 hadi 27 ni SlyD, protini ya E. coli yenye histidini nyingi za kuzaliwa nazo. Huo ni mgeni wa kudumu.

Swali: Nitajuaje kwamba utendaji ninaoupima si wa bifosfatasi ya E. coli yenyewe? Nayo ina uzito unaokaribiana.

Jibu: Hili ni swali zuri kuliko yote tuliyopokea, na wachache hulijibu kwenye kazi zao. E. coli ina bifosfatasi yake, nayo ni ya vipande vinne vya kilodaltoni 37 hivi. Jeli haitakuokoa.

Kinachotofautisha ni tabia. Ya bakteria huzuiwa vikali na AMP (adenosini monofosfeti) kwa viwango vya mikromola. Ya kloroplasti haiijali AMP kwa viwango hivyo. Ya kloroplasti huhitaji kuwashwa kwa DTT na thioredoksini. Ya bakteria haina haja. Basi pima kuveti nne: kimeng'enya kilichowashwa na kisichowashwa, kila kimoja kikiwa na AMP milimola 0.1 na bila. Ikiwa kisichowashwa kinafanya kazi kwenye pH 8.0 na AMP inakiua, umesafisha mali ya mwenyeji. Endesha pia kuveti yenye fruktosi-6-fosfeti na AMP, ili ujue AMP haijagusa mnyororo.

Sambamba na hayo, kuza bakteria wenye plasmidi tupu, wapitishe kolamu ileile kwa hatua zilezile, na pima ujazo sawa wa kinachotoka.

Swali: Reduktasi ya feredoksini-NADP tuliyonunua haina rangi. Wenzetu wanasema inapaswa kuwa ya njano.

Jibu: Wako sahihi. Kimeng'enya hicho, cha kilodaltoni 35 hivi, hubeba FAD, molekuli saidizi yenye rangi, na ndiyo inayokipa njano yake, na vilele viwili vya unyonyaji karibu na nanomita 385 na 458. Kwa miligramu 1 kwa mililita njano huonekana kwa macho juu ya karatasi nyeupe. Ikiwa haina rangi kwa kiwango hicho, sehemu kubwa haina FAD. Unaweza kujaribu kuiloweka na FAD mikromola 50 hadi 100 kwenye barafu saa moja, kisha kuondoa inayoelea kwa kolamu ya kuondolea chumvi, na kupima tena. Ikipata rangi inayobaki, vizuri. Isipopata, haikukunjika.

Kupima utendaji bila feredoksini, tumia NADPH na ferisianidi, ukifuata kushuka kwa nanomita 420 kwa mgawo wa 1.02. NADPH moja hupunguza ferisianidi mbili. Usiposema umehesabu ipi, namba zako zitatofautiana na za wengine mara mbili kamili.

Swali: Je, Rubisco ya mmea inaweza kuzalishwa ndani ya E. coli? Tunataka kuilinganisha na ya majani.

Jibu: Inawezekana tangu 2017, pale watafiti wa taasisi ya Max Planck ya biokemia huko Martinsried, Ujerumani, walipofanikiwa kwa Rubisco ya Arabidopsis. Ilihitaji kuziweka pamoja, ndani ya bakteria huyohuyo, protini wasaidizi za kloroplasti: chaperonini Cpn60 na Cpn20, RAF1, RAF2, RbcX na BSD2. Bila wasaidizi hao vipande vikubwa vinane na vidogo vinane havikusanyiki. Kwa hiyo kichupa kilichoandikwa "kipande kikubwa cha Rubisco, rekombinanti" kinafaa kutengenezea kingamwili, si kupimia ufungaji wa kaboni.

Kama lengo ni kimeng'enya chenye kazi tu na si mabadiliko ya jeni, kitoeni kwenye majani ya spinachi. Rubisco inaweza kufika nusu ya protini yote inayoyeyuka kwenye jani, hivyo salfeti ya amonia na kolamu moja vinatosha. Kabla ya kupima, iacheni dakika 10 na bikaboneti milimola 10 na magnesiamu milimola 20. Bila kaboni dioksidi ya kuiamsha lisini ya 201, itawapa namba za chini na mtailaumu kolamu.

Swali: Tumenunua kipande cha beta cha ATP sinthasi ya kloroplasti. Hakivunji ATP.

Jibu: Wala hakitavunja kwa kiasi cha maana. Mahali pa kuvunjia ATP pako kwenye mpaka kati ya beta na alfa, na kichwa kinachofanya kazi kina alfa tatu, beta tatu na gama katikati. Beta peke yake tumieni kwa kingamwili, au kwa kupima kushikana na nukleotidi. Kama mnataka utendaji, toeni CF1 (kichwa hicho kizima) kwenye utando wa thilakoidi wa spinachi kwa EDTA kidogo kwenye bafa isiyo na chumvi, na mkishaitoa msiiweke kwenye barafu: CF1 ni ya kundi la vimeng'enya vinavyoharibiwa na baridi. Ihifadhini kama mashapo ndani ya salfeti ya amonia yenye ATP na EDTA.